Kandambili Mlangoni mwa Kontena

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu niliamka na hofu. Nikavaa suruali, nikatafuta miwani, nikatoka mbio, na nilikuwa nimeshaipita migomba yangu yote na kukaribia barabara ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna lori linalonisubiri. Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananiangalia kama mtu anayemwangalia ng'ombe aliyerudi zizini mwenyewe. Akanipa chai, akasema karibu kazini.

Basi Doreen, wewe uliyerithi kiti changu kwenye kibanda cha mizani, uliniomba niandike niliyoyaona ili wewe na wenzako msome. Naandika. Vyeo sitavigusa, maana havikuwa vingi, na mshahara unaujua, ni huo huo unaokutia huzuni kila mwisho wa mwezi. Nitaandika kuhusu hofu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu hasa. Uzito ulikuwa kisingizio.

Niliingia kiwandani nikiwa kijana wa Mwika mwenye miguu mikubwa na elimu ya jioni. Kidato cha nne nilikimalizia kwenye madarasa ya usiku pale Majengo, chini ya taa iliyokatika kila tulipofika kwenye hesabu za sehemu, na nilikuwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Mchana nilibeba magunia sokoni Kiboriloni, jioni nikabeba madaftari, na madaftari ndiyo yaliyoniumiza mgongo. Nililala darasani mpaka nikaota nimefaulu, na matokeo yalipotoka nikakuta nimefaulu kweli. Mpaka leo sijui ni mimi niliyefanya ule mtihani au ni ile ndoto.

Walinipa kazi ya kumsaidia Mzee Elinami, mpima uzito. Mzee huyo alikuwa mwembamba kiasi kwamba upepo wa mlimani ukishuka alishika nguzo. Kiwanda chetu, kwa wale mtakaosoma hapa bila kukijua, ni cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Wakulima wa Kibosho, Masama, Mwika na kwingineko wanashusha kahawa ikiwa na ganda. Sisi tunaikoboa, tunaipanga kwa madaraja, tunaitia kwenye magunia na kuipeleka bandarini Tanga. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia Mzee Elinami, akaitikia marahaba kwa pua, halafu akapanda yeye mwenyewe juu ya mizani ya magunia, akasimama wima kama anapigwa picha, akaniambia nisome. Nikasoma. Akashuka.

"Basi mizani ni nzima," akasema.

Nikamwuliza amejuaje.

"Mimi sinenepi."

Na kweli hakunenepa. Kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza alipanda, tukasoma, akashuka. Mawe ya kupimia yenye muhuri wa serikali alikuwa nayo na aliyatumia, ila aliyachukulia kama shahidi wa pili. Baadaye nilijaribu kurithi utaratibu huo nikashindwa, kwa sababu mtori wa kantini yetu, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ulinibadilisha uzito kila juma, na mara zote kuelekea upande mmoja. Kwa hiyo Doreen, tumia mawe.

Zamani hizo uzito wa kontena ulikuwa maneno tu. Mtu aliandika uzito wa kahawa, akaongeza kidogo kwa ajili ya magunia, akaongeza kidogo kwa ajili ya Mungu, akasaini. Kisha ikaja kanuni ya dunia nzima. Meli haipakii kontena lolote mpaka mwenye mzigo atamke kwa maandishi uzito uliothibitishwa: kontena lenyewe, mzigo, magunia, karatasi, na kila kijiti na kamba iliyomo ndani, na chini yake mtu mwenye jina aweke saini. Sababu mnaijua. Melini makontena yanapangwa moja juu ya jingine. Lililotajwa kuwa jepesi linawekwa juu. Kama lilidanganya, siku bahari inachafuka rundo zima linalala, na chini ya rundo kuna watu wanaokunywa chai.

Mzee Elinami alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu kanuni ilipotufikia. Aliusoma ule waraka polepole, akaukunja, akautia mfuko wa shati, halafu akatoka nje ya kibanda akaangalia mlima kwa muda mrefu, ingawa siku hiyo kulikuwa na wingu na mlima haukuonekana.

"Yule wa kwenye kreni ya bandarini haoni ndani ya kontena," akaniambia aliporudi. "Anaona namba yako tu. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilielewa alipokwenda zake kulima vitunguu akaniacha na kreni ya watu. Tangu siku hiyo nilikosa usingizi mpaka popo wa Mwika wakanizoea. Yule mtu wa kreni sikuwahi kumwona, lakini nilimfahamu vizuri kuliko baadhi ya shemeji zangu. Nilijua ana watoto. Nilijua hapendi haraka. Kila nilipotia saini nilimwona ananyanyua macho na kuniangalia.

Kanuni inaruhusu njia mbili. Ya kwanza, unalipima lori likiwa na kontena tupu, unapakia, unalipima tena, na tofauti ndiyo mzigo. Ya pili, unapima kila gunia peke yake, unapima karatasi na vifuko vya kunyonya unyevu, unajumlisha. Njia yoyote unayofuata, ukiongeza uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni mwake, umepata namba ya kutamka. Kanuni inasema uchague njia moja. Mimi nilifanya zote mbili kila mara, kwa woga tu, halafu nikazilinganisha kama mama anayewauliza watoto wawili nani kavunja chungu, kila mmoja chumba chake.

Na ujue kwamba lori ni mnyama mjanja. Wakati wa masika tela linaloshuka kutoka mlimani linabeba udongo wa shamba zima kwenye matairi, na mji wetu huu hautaki tope barabarani, kwa hiyo dereva atatafuta mahali pa kuliosha. Lioshwe kabla ya kipimo cha kwanza. Likioshwa katikati ya vipimo viwili, utaona kahawa imepungua na utaanza kuwatazama watu kwa jicho baya bila kosa. Mafuta yasijazwe katikati. Dereva na utingo washuke mara zote mbili, hata kama mvua inanyesha, hata kama dereva ana mguu mbovu na anakuapia kwa mguu huo. Nimewahi kumkuta utingo amelala nyuma ya kiti, kajifunika blanketi, ananikoromea ndani ya hesabu.

Sasa niwaambie siku ya kandambili.

Ulikuwa msimu wa mzigo. Kontena lilikuwa moja, la kahawa yetu nzuri kabisa ya mwaka ule, na meli yake ilikuwa inafunga kupokea matamko jioni hiyo hiyo. Namba isipofika kabla ofisi zao hazijafungwa, kontena linabaki, na wakulima wangeanza kutupigia simu kila mmoja na mkewe kuuliza kahawa yao imelala wapi. Meneja wetu alikuwa Bi. Kabula, mama kutoka Shinyanga, mtaratibu, ambaye alikuwa hajamaliza mwaka na sisi. Alikuwa ameshakuja kibandani mara nyingi tangu asubuhi kuniuliza kama kuna tatizo. Nilimwambia hakuna, na kila nilipomwambia hivyo nilirudi kukagua karatasi zangu.

Upakiaji mnaujua. Wapakiaji wanavua viatu ukingoni mwa jukwaa na kuingia kontenani miguu mitupu, kwa sababu kahawa inashika harufu na uchafu kama nguo ya harusi. Magunia yakishajaa, mtu mmoja mwembamba anapanda juu yake, anatambaa kwa tumbo mpaka mwisho kabisa chini ya bati, anatandaza karatasi na kutundika vifuko vya unyevu, anarudi kinyumenyume. Siku zile mtu huyo alikuwa Gaspari, kijana wa Kibosho, mwepesi, anayeweza kupita katikati ya mlango na fremu yake. Akishatoka, mtu wa dawa anaweka vidonge vya kufukizia wadudu. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi taratibu, na gesi hiyo haitofautishi mdudu na mtu. Mlango unafungwa, afisa wa forodha anatia sili, ile pini ya chuma yenye namba, na kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kugusa.

Yote yakafanyika. Rajabu, dereva wetu wa Korogwe, akaleta lori kwenye mizani, akashuka na utingo wake. Nikasoma. Nikatoa. Nikalinganisha na jumla ya magunia yangu.

Lilikuwa limezidi kilo themanini.

Kwenye mzigo wa tani karibu ishirini mtu mwingine angesema hizo ni chenji. Nilifuta miwani. Nikamwomba Rajabu ashushe lori mizanini na kulipandisha tena. Themanini. Nikakagua magunia kwenye karatasi zangu, moja moja, kwa kidole. Nikachungulia ndani ya kabini, nyuma ya kiti, chini ya blanketi. Hakuna kitu ila harufu ya Rajabu. Nikanyoosha mgongo, nikaangalia jukwaani kupitia dirisha la kibanda, na damu ikanishuka mpaka kwenye soksi.

Wapakiaji walikuwa wameshavaa viatu vyao na kwenda kunywa chai. Ukingoni pa jukwaa, pale mlango wa kontena ulipokuwa, zilibaki kandambili jozi moja. Za bluu, kamba moja ya kijani iliyofungwa kwa waya. Kiwanda kizima kilizijua. Zilikuwa za Gaspari.

Nilikwenda kantini. Naweza kusema nilikimbia. Mwili wangu ulipinga lakini ulikuja. Nikawauliza wapakiaji nani amemwona Gaspari akishuka. Wakatazamana. Mmoja akasema alimwona akipanda na karatasi. Mwingine akasema walisogea pembeni mtu wa dawa alipofika, wakadhani yuko pamoja nao. Mtu wa dawa akasema alikuta mlango mtupu, akaita "kuna mtu?" akaona kimya. Tukampigia Gaspari simu. Haipatikani. Tukaenda chooni, ghalani, nyuma ya lundo la maganda. Hakuna. Na siku ilikuwa ya joto, na chini ya bati lile mtu akishatambaa na kurudi anaweza kulegea, anaweza kulala kidogo tu apumzike, na mlango ukafungwa.

Mtu wa dawa alikuwa amekuwa mweupe mdomoni. Akasema vidonge vinachukua saa kadhaa kabla gesi haijakolea. Alisema hivyo mara tatu, kama anajiambia mwenyewe.

Bi. Kabula alikuja na viatu vyake vya ofisi akipita kwenye kokoto. Nilimweleza. Akalitazama lori. Na hapo ndipo Rajabu, aliyekuwa amesimama pembeni akikunja na kukunjua kofia, akanivuta shati.

"Mangi," akaninong'oneza, kama madereva wanavyotuita sisi Wachagga, "njoo nikuonyeshe kitu, usinipigie kelele."

Akanipeleka ubavuni mwa tela, akafungua sanduku la vifaa lililo chini kule. Ndani kulikuwa na mikungu mitatu ya ndizi mshare imejikunja kama watoto wanaojificha. Mama Neema, mpishi wetu wa kantini, alikuwa na binti kaolewa Tanga, na binti alikuwa amejifungua, na katika nchi yetu hii lori likiteremka bila ndizi za mtu fulani kwenda kwa mtu wake ni kama limeteremka bila breki. Mama Neema alizipakia wakati Rajabu amekwenda kunawa, baada ya kipimo cha kwanza na kabla ya cha pili. Rajabu akanyamaza kwa sababu kubeba mzigo mwingine kwenye safari ya kahawa kulikuwa kumekatazwa, na akafikiri tunatafuta mwizi. Aliposikia tunatafuta mtu aliyepotea, akashindwa kuficha.

Tukazishusha ndizi, tukazipima. Tukalipandisha lori tena mizanini bila ndizi. Namba zikakubaliana. Njia ya kwanza na njia ya pili, watoto wote wawili, hadithi moja.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Neema alijifunika uso na kanga akasema aibu imempata na mjukuu bado hajala. Bi. Kabula akashusha pumzi, akaangalia saa yake, akaninyooshea mkono nimpe karatasi ya tamko ili aipeleke.

Sikuwa nimesaini.

Kandambili zilikuwa bado pale pale. Na kitu ninachotaka mkijue, ninyi mnaokuja, ni hiki: mizani ya magari inasoma kwa kurukaruka, kilo ishirini ishirini, na ina ruhusa ya kukosea kidogo juu na kidogo chini, gunia nalo lina unyevu wake. Tunapokubaliana kwamba namba zimekubaliana, tunamaanisha zimekaribiana. Na ndani ya hiyo nafasi ya kukaribiana, Gaspari, kwa wembamba wake ule, angeweza kulala akajigeuza.

"Mzee wangu," Bi. Kabula akasema, "namba zimekubali."

"Zimekubali, mama."

"Nikikata ile sili, dawa iwekwe upya, forodha upya, karatasi zote upya. Meli tumeikosa."

"Najua, mama."

"Sasa unataka nini?"

"Siwezi kusaini mpaka zile kandambili zipate mwenyewe."

Aliziangalia zile kandambili. Kulikuwa na inzi mmoja juu ya moja yake, anajisafisha miguu, na nakumbuka niliwaza kwamba huyo inzi ndiye mtu pekee kiwandani asiye na haraka. Mtu fulani nyuma yangu alinung'unika kwamba Gaspari ni mtu mzima, amekwenda zake mahali. Inawezekana, nilisema. Tena inawezekana sana. Moyo wangu ulikuwa unanipigia ngoma ya pombe ya mbege ya vijiji sita kwa pamoja, na sauti ikanitoka ndogo kama ya mtoto anayeomba kwenda chooni.

"Mwiteni wa forodha," Bi. Kabula akasema. "Leteni na mkasi wa chuma."

Afisa wa forodha alikuwa bado kantini; alikuja na chapati mkononi, akasikiliza, akaiweka chapati juu ya bampa ya lori, akakubali. Sili ikakatwa. Sauti yake ni ndogo, tk, lakini mimi niliisikia kama nguzo ya umeme imeanguka. Mtu wa dawa akavaa barakoa yake, akatoa vidonge, akatuambia tusogee. Tukangoja hewa ipite. Halafu akapanda juu ya magunia na tochi, akatambaa ndani, tukabaki tunaangalia nyayo zake zikiyeyuka gizani.

Mama Neema alikuwa anasali kwa sauti ya chini, na mmoja wa wapakiaji akawa anamwitikia. Tulisikia karatasi ikikwaruza mbali kabisa. Halafu sauti yake, imejaa barakoa, "Hakuna mtu."

Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia tena. Akarudi kinyumenyume, akashuka, akavua barakoa. Karatasi imetandazwa vizuri, akasema, vifuko vimetundikwa vyote. Hakuna mtu.

Watu wote walinigeukia, wakaniangalia kama aliyepiga kengele ya moto kwa sababu ugali umeungua. Saa ya meli ilikuwa imepita. Mimi sikuona aibu bado, kwa sababu hofu haikuwa imeisha, ilikuwa imehama tu. Kama hayumo kontenani, basi yuko wapi bila kandambili? Niliwaza mtaro. Niliwaza barabara kuu. Usiku ule mke wangu alihamia chumba cha wageni, akasema kitanda kinatetemeka.

Asubuhi nilifika kibandani kabla ya mlinzi kufungua geti, na Gaspari alikuwa amesimama pale. Amevaa viatu vya ngozi vilivyomzidi, shati jeupe lililokunjamana, na mkononi ameshika jani la isale.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, isale ni mmea wa majani marefu unaoota mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba ya ukoo. Mtu aliyekukosea akija nalo mkononi amekuja kuomba msamaha, na tangu enzi za mababu hakuna anayelikataa, hata awe amekuchomea nyumba. Gaspari hakuniamkia. Alinyoosha jani tu.

Maelezo yake yalitoka vipande vipande. Kaka yake alikuwa anapeleka mbege kwa wakwe huko Kibosho, siku ya kukubaliwa posa yake, na ilibidi awepo mdogo wa kubeba mtungi. Aliogopa kuomba ruhusa msimu wa mzigo. Akatandaza karatasi yake, akatoka kabla ya mtu wa dawa kufika, akapitia uwazi wa nyuma ya ghala, akavaa viatu vya kaka yake alivyovificha kwenye lundo la maganda. Kandambili hakuzikumbuka. Simu aliizima kwa heshima ya wakwe.

"Nimesikia mmekata sili, mzee," akasema mwishoni. "Kwa ajili yangu."

"Tumekata."

"Na mimi nilikuwa nakunywa."

Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa sikuweza kuamua, nilimpeleka kwa Bi. Kabula. Yeye alikuwa amekesha akiandika maelezo kwa wakubwa, na kwenye sehemu ya sababu ya kufungua kontena alikuwa ameandika neno moja: viatu. Alimwona Gaspari akasimama. Hati ya kumfukuza kazi ilikuwa tayari mezani, haikuhitaji miwani kuiona. Gaspari akanyoosha jani.

"Hilo la nini?" akaniuliza mimi.

Nikamweleza. Akasema kwao mtu wa hivi angetozwa ng'ombe.

"Nikilipokea ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

"Hata meli?"

"Meli haijui Kichagga."

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu ahamie Moshi, kicheko kifupi, kama kikohozi. Akalipokea lile jani kwa mikono miwili, hakuna aliyemfundisha hivyo. Halafu akamwambia Gaspari kwamba tangu siku hiyo yeye ndiye atakayefunga milango ya makontena yote ya kiwanda hiki, na kabla ya kufunga atamwita kila mpakiaji kwa jina, na kila mmoja ataitikia akiwa amesimama chini na viatu miguuni. Jina moja lisipoitikiwa, mlango haufungwi, hata kama meli ni ya Nuhu.

Kontena liliondoka na meli iliyofuata, baada ya maneno mengi na barua zenye ukali. Namba niliyoitamka ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza. Ndizi za Mama Neema zilikwenda Tanga kwa basi. Rajabu alipewa onyo na mkungu mmoja.

Lile jani, lililokatwa na kipande cha shina lake, Bi. Kabula aliniachia mimi, nilichomeke ardhini, maana isale linashika popote. Ndilo hilo lililoko chini ya dirisha la kibanda, Doreen, ambalo juma lako la kwanza ulilipunguza kwa mkasi ukidhani ni ua. Nilikuacha ulikate. Linapenda kukatwa.

Juma hilo hilo ulinicheka kuhusu majina. Ulisema siku hizi kuna kamera, baba, tunaona kila mtu. Ni kweli, kamera zinaona. Nilikuonyesha tu ukingo wa jukwaa, nikakuambia uwe unaangalia viatu, na hukuuliza kwa nini. Sasa unajua.

Jana jioni nilikuwa ukingoni mwa kihamba. Kutoka pale, anga likiwa safi, naiona barabara ya Himo kule chini kama uzi, na nikaona lori lenye kontena linaelekea upande wa Same. Linaweza kuwa la mtu yeyote. Linaweza kuwa limebeba saruji. Nikapiga simu.

"Shikamoo baba," ukasema.

"Marahaba. Mmeita majina?"

"Tumeita."

"Yote?"

"Yote, baba. Wako chini, wana viatu."

"Na Gaspari?"

Nikakusikia unacheka, halafu ukaondoa simu sikioni, ukasema kitu, sauti ya mtu mzima ikajibu kwa mbali.

"Yuko hapa, ndiye aliyefunga. Anauliza kama umekula."

Nikasema mwambie nimekula. Sikuwa nimekula. Nililisindikiza lile lori kwa macho mpaka likapotea, halafu nikaingia ndani nikala.